Sura ya Tano: Vumilia, Mbele Kinanoga

Rafiki anakuazima kitabu chenye kurasa mia saba na kukuambia ni cha kwanza kati ya kumi. Ukifika ukurasa wa sitini bado hujui nani ni nani. Unamrudia kulalamika, naye anakujibu bila haya: vumilia, mbele kinanoga, cha pili ndicho kitabu hasa. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wasomaji wa hadithi za aina hii hawachoki kuliuliza. Kama mwandishi alijua kuandika cha pili vizuri namna hiyo, cha kwanza kilimshinda nini? Na je, kingeweza kutengenezwa?

Hadithi ninazozizungumzia ni za fantasia, yaani zile zinazotokea katika ulimwengu wa kubuni wenye uchawi na viumbe ambavyo kwetu havipo, ulimwengu wenye ramani, wafalme na historia yake. Si jambo geni kwa Mswahili. Aliyesomewa Alfu Lela U Lela, au aliyesimuliwa ngano za mazimwi na masultani, alishaingia humo kabla hajajua kusoma. Kilicho kigeni kidogo ni huo mtindo wa kuitandaza hadithi moja katika vitabu saba, kumi, hata kumi na vinne. Mfululizo wa namna hiyo unakitwisha kitabu chake cha kwanza mzigo ambao vingine havibebi. Kinatakiwa kiwe na kisa chake kinachoridhisha, kimzoeshe msomaji ulimwengu mzima, na papo hapo kipande mbegu za mambo yatakayotokea vitabu sita baadaye. Na mara nyingi mwandishi wake ndiyo kwanza anajifunza kazi.

Mshtakiwa mashuhuri

Tuanze na kitabu kinachojulikana kwa kubwagwa njiani: Gardens of the Moon cha Steven Erikson wa Kanada, kilichotoka mwaka 1999, cha kwanza katika vitabu kumi vya mfululizo wa Malazan Book of the Fallen. Kinafunguka kwa mvulana wa ukoo bora, Ganoes Paran, aliyesimama juu ya ukuta wa ngome akitazama mtaa wa maskini ukiungua, huku akimwambia askari mmoja kwamba naye akikua atakuwa askari. Mpaka hapo hakuna tatizo. Sura ya kwanza inaruka miaka saba na kutupeleka pwani, kwa binti mvuvi ambaye nafsi yake inatwaliwa na miungu wa kivuli. Sura ya pili tuko bara jingine, mji wa Pale umezingirwa, ngome inaelea angani, na mwanamke mchawi wa jeshi anayeitwa Tattersail anatazama wenzake walivyoteketea. Tukianza kumzoea, tunahamishiwa mji wa Darujhistan, kwa kijana mwizi anayepita juu ya mapaa. Uchawi wa humo una majina yake, na majina hayo yanatumika kana kwamba sote tuliyasoma darasa la nne.

Waulize wasomaji wangekitengeneza vipi, na majibu hayakawii:

- mwandishi aeleze mapema uchawi unafanyaje kazi;
- wahusika wapunguzwe nusu;
- hadithi ianzie Darujhistan, ambako kuna vicheko na watu wa kawaida;
- mapenzi ya Paran na Tattersail yapewe muda wa kuiva, maana yanazuka ghafla;
- mwisho uandaliwe, kwa sababu nyumba ya ajabu inachipuka kutoka ardhini na kumkamata adui mkubwa, na msomaji hakuwahi kudokezwa kwamba nyumba za namna hiyo zipo.

Kabla ya kuyapima mapendekezo haya, inafaa kujua kitabu kilikotoka. Mwaka 1982 Erikson na rafiki yake Ian Cameron Esslemont, wote wawili watu wa akiolojia, yaani wachimbuzi wa mabaki ya kale, walianza kuubuni ulimwengu huu kwa ajili ya mchezo. Ni ule mchezo ambao watu wanakaa mezani, kila mmoja akijifanya mhusika fulani, na dadu zinaamua nani kashinda. Baadaye waliandika mswada wa filamu, na mswada huo ukageuka riwaya. Ukilijua hilo, kasoro nyingi zinajieleza zenyewe. Wachezaji wa mezani hawahitaji kutambulishwa kwa wahusika, kwa kuwa wamekaa nao miaka. Na filamu inaweza kuruka kutoka pwani hadi uwanja wa vita kwa sekunde moja, macho yakaona jua limebadilika na nguo zimebadilika. Msomaji hana macho hayo. Kwake kila kuruka ni kuanza kitabu upya.

Toleo la baadaye la kitabu hicho lina dibaji ya Erikson. Humo anakubali kwamba anadai mengi kwa msomaji, na wala haombi radhi. Riwaya yenyewe hakuiandika upya.

Maumivu ni ya kweli, dawa ni ya kubahatisha

Brandon Sanderson, Mmarekani anayeandika fantasia na kufundisha uandishi katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, ana mazoea ya kuwapa watu rasimu zake kabla hazijachapishwa. Hao tuwaite wasomaji wa majaribio. Sharti analowafundisha wanafunzi wake wanapojadiliana kazi zao ni kwamba msomaji aseme alichohisi: hapa nilichoka, hapa nilichanganyikiwa, huyu simpendi. Asimwambie mwandishi afanye nini.

Wengi huliona sharti hilo kama adabu tu. Lina sababu nzito zaidi. Msomaji ni shahidi asiyekosea juu ya uchovu wake mwenyewe. Akisema alichoka ukurasa wa 90, alichoka, na hakuna wa kumbishia. Lakini sababu ya uchovu huo huenda iko ukurasa wa 40, mahali alipopita bila kuona chochote. Ndiyo maana dawa anayoipendekeza huelekezwa pale panapouma, wakati ugonjwa uko pengine.

Mfano bora ninaoujua unatoka kwenye televisheni. Mwaka 2009 David Benioff na D. B. Weiss walipiga kipindi cha majaribio cha Game of Thrones, kutokana na riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 1996, nayo ya kwanza katika mfululizo. Wakawaonyesha marafiki wachache, baadhi yao waandishi wa filamu. Marafiki wakatoka wamenuna. Hawakuelewa kitu. Ukisikia malalamiko kama hayo unaweza kukimbilia kuongeza historia ya falme, ramani, sauti ya msimulizi ikieleza vita vya zamani. Walipodadisiwa, ikabainika kwamba jambo walilolikosa ni dogo la kushangaza: hawakujua kuwa malkia Cersei na askari Jaime ni ndugu, tena mapacha. Sasa fikiria. Mwishoni mwa kipindi mtoto anapanda mnara, anawafuma hao wawili, na anasukumwa dirishani. Kwa asiyejua udugu wao, amefuma zinaa ya kawaida. Kwa anayejua, amefuma siri inayoweza kuuangusha ufalme, na kusukumwa kwake kuna sababu ya kutisha.

Sehemu kubwa ya kipindi ikapigwa upya, kukiwa na mwongozaji mwingine na baadhi ya waigizaji wapya. Kiliporushwa mwaka 2011, msichana mdogo anamtaja yule askari kuwa pacha wa malkia wakati msafara wa mfalme unaingia. Sentensi moja, na kipindi kikakaa sawa.

*Kwa ufupi:* msomaji anaposema haelewi, mara nyingi anakosa kitu kimoja cha mahusiano, yaani nani ni nani kwa nani na nani atapoteza nini. Somo la historia halimsaidii.

Mtu mmoja wa kukaa naye

Umealikwa harusini kwa watu usiowafahamu. Ukumbi umejaa, kila mtu anataja shangazi na wajomba, kuna ugomvi wa zamani ambao wote wanaujua ila wewe. Mwenyeji akikupa karatasi yenye mti wa ukoo, hutaisoma. Akija binti mmoja akakuambia, "Kaa hapa na mimi, na yule mwenye kilemba usimsalimie, nitakwambia kwa nini," utakaa mpaka usiku wa manane, na ukitoka utaujua ukoo wote.

Gardens of the Moon ina karatasi ya ukoo: orodha ndefu ya wahusika mwanzoni. Kinachokosekana ni huyo binti. Paran angeweza kuwa yeye. Tulimpenda pale ukutani, ila tunanyang'anywa upesi, na tukirudishiwa keshakuwa mtu mwingine mwenye siri zake. Kwa maoni yangu pendekezo la kuanzia Darujhistan lina ukweli ndani yake, ingawa limekosea sababu. Darujhistan si rahisi kueleweka kuliko Pale. Ila huko ndiko tunakokaa na watu wale wale kwa kurasa za kutosha.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuona jambo hili likifanywa vizuri. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ni fantasia tupu, kuna majini na watu kugeuzwa wanyama, na kisa chake kina asili katika hadithi za Alfu Lela. Inafungua kwa ufalme wa Ughaibu na sifa za mfalme Rai, na nikiri kwamba sifa hizo ni ndefu. Kisha mjumbe wa mfalme, Ikibali, anatumwa kwa Adili kufuatia kodi iliyochelewa. Usiku, akiwa mgeni nyumbani kwa Adili, anaona jambo: mwenyeji wake, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu, anakwenda kuwachapa nyani wawili mijeledi, kisha anawalisha. Hapo hata msomaji aliyekuwa anasinzia anaamka. Mtu mwema anachapaje wanyama usiku, na akishawachapa anawaleaje? Ulimwengu mzima wa riwaya, yaani majini, laana na wivu wa ndugu, umefungwa ndani ya swali hilo, na Ikibali anaulizia kwa niaba yetu. Shaaban Robert hakulazimika kueleza kanuni za uchawi kabla ya hapo. Alipokuja kuzieleza tulikuwa tunazidai.

Ningekuwa mhariri wa riwaya hiyo leo, ningemwomba tu awalete wale nyani mapema zaidi. Lakini ona, hata mimi nimeshaanza kuandika dawa.

Milango mingi mno

Kuna lalamiko jingine linalojirudia karibu katika kila mfululizo mkubwa: hadithi inaanza mara tatu. Lawama kwa kawaida huangukia utangulizi wa hadithi, ile sura fupi inayowekwa kabla ya sura ya kwanza, ambayo mara nyingi inasimulia jambo lililotokea miaka mingi nyuma.

Sanderson mwenyewe, pamoja na masharti yake yote, ni mtuhumiwa sugu. The Way of Kings, kilichotoka mwaka 2010 na kufungua mfululizo wa Stormlight Archive, kinaanza na mashujaa wa kale wanaovunja kiapo chao. Ukifunua ukurasa, miaka 4,500 imepita, na muuaji aliyevaa nguo nyeupe anamuua mfalme usiku wa karamu. Kisha sura ya kwanza inasimuliwa kwa macho ya mvulana mwanajeshi ambaye hatutadumu naye, maana yuko vitani kwa mara ya kwanza na vita havimhurumii. Sura ya pili ndipo tunapompata Kaladin, mhusika mkuu, miezi minane baadaye, akiwa mtumwa ndani ya kizimba cha magurudumu. Sura ya tatu ni ya binti mmoja, mahali pengine kabisa. Kwa hesabu yangu hiyo ni milango mitano kabla ya kufika sebuleni, na wasomaji wengi wanapendekeza wa kwanza uzibwe.

Nisingeuziba. Ukifika kitabu cha tatu unaona kwa nini kiapo kile kilistahili kutangulia kila kitu. Shida ni kwamba msomaji wa ukurasa wa kwanza hajafika kitabu cha tatu, na hana dhamana kwamba atafika. Mwandishi anamkopa subira, na kila mlango mpya ni mkopo juu ya mkopo.

Sanderson aliwahi kuiandika riwaya hii mara moja kabla, mwaka 2002 na 2003, na rasimu ile ya zamani akaitoa hadharani mwaka 2020, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kulinganisha. Tofauti kubwa kuliko zote ni uamuzi mmoja. Kijana yule, ambaye wakati huo alikuwa na jina jingine, anapata upanga wa ajabu unaomgeuza mtu wa chini kuwa bwana mkubwa. Katika rasimu anaupokea. Katika kitabu kilichochapishwa anaukataa, na mkubwa wake anautwaa na kumuuza utumwani. Ulimwengu, dhoruba na majina magumu yalikuwepo kabla, na mengine yamebaki. Kilichoongezeka ni mtu aliyenyang'anywa kitu mbele ya macho yetu. Milango ni mitano, lakini ukishamwona Kaladin kizimbani unajua unamfuata nani, na hilo ndilo linalokivusha kitabu.

The Eye of the World cha Robert Jordan, kilichofungua The Wheel of Time mwaka 1990, kilipitia njia tofauti. Utangulizi wake unamwonyesha Lews Therin, mtu mwenye nguvu za kutisha, akizurura katika kasri lililobomoka huku akimwita mke wake, asijue kwamba wazimu wake mwenyewe ndio uliomuua mke huyo na jamaa zao wote. Anarudishiwa akili ili aone alichofanya. Baada ya kilele hicho, sura ya kwanza inatuweka nyuma ya mkokoteni pamoja na kijana mfugaji na baba yake wakipeleka pombe kijijini kwa ajili ya sikukuu. Wasomaji wanalalamika kwamba kijiji kinachukua muda mrefu, na kwamba kinafanana mno na mwanzo wa The Lord of the Rings. La pili Jordan alilieleza: alifanya makusudi, ili msomaji aanze mahali anapopajua kabla hajapelekwa asikokujua.

Mwaka 2002 wachapishaji walikigawa kitabu hicho vipande viwili kwa ajili ya wasomaji wadogo. Katika kipande cha kwanza Jordan aliongeza utangulizi mpya ambamo Egwene, msichana wa kijiji kile, ana umri wa miaka tisa na anabeba maji kuwapelekea watu wanaokata kondoo manyoya. Kwa mtoto anayesoma, mlango ni mzuri: hakuna maiti, hakuna wazimu, na yupo mtoto mwenzake mwenye kiburi cha kuchekesha. Ila sura zinazofuata zinamfuata Rand, yule kijana wa mkokoteni. Kwa hiyo mtoto anapewa rafiki, na kurasa chache mbele anaondolewa kwake. Dawa iliyotibu ugumu wa Lews Therin ikaleta ugonjwa ule ule wa Paran.

Waliorudi nyuma kurekebisha

Mapendekezo ya wasomaji kwa kawaida yanabaki maneno. Mara chache mwandishi mwenyewe anarudi, akiwa ameshaandika vitabu vya mbele, na kukifungua cha kwanza kwa kalamu nyekundu. Visa viwili vinafundisha kuliko vingine.

The Hobbit cha J. R. R. Tolkien kilitoka mwaka 1937, kabla mwandishi hajajua kwamba pete anayoiokota Bilbo, mhusika wake mkuu, pangoni itakuja kuwa pete ya kuangamiza dunia. Katika toleo lile la kwanza, Bilbo na Gollum, kiumbe anayeishi humo pangoni, wanashindana vitendawili, na Gollum ameahidi kumpa mgeni zawadi akishinda. Zawadi ni pete. Gollum anaposhindwa anaitafuta, haioni, anaomba radhi kwelikweli, na badala yake anamwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Wanaagana kwa amani. Ni sura ya kuchekesha na haina kosa lolote kwa kitabu kile.

Kisha Tolkien akazama katika The Lord of the Rings, na Gollum mstaarabu hakuweza tena kuwepo. Mwaka 1947 aliwapelekea wachapishaji sura hiyo ikiwa imeandikwa upya, kama mfano wa jinsi inavyoweza kuwa. Wao wakaichukua moja kwa moja, na yeye akaja kushtukia mwaka 1950 alipoletewa kurasa za kusahihisha. Toleo la 1951 likatoka na Gollum mpya: ahadi yake sasa ni kuonyesha njia tu, na anaporudi kutafuta pete anakusudia kuivaa, asionekane, amle mgeni. Anagundua haipo. Anapiga mayowe ya chuki. Na Bilbo, akiwa haonekani, ana upanga na ana nafasi ya kumuua, lakini anamhurumia na kumruka.

Wasomaji karibu wote wanakubali kwamba toleo hili ni bora, na si vigumu kuona sababu. Tolkien alibadilisha sura kwa faida ya vitabu vilivyofuata, lakini mabadiliko yenyewe yanailipa sura ile ile, papo hapo. Hata asiyejua kuna The Lord of the Rings anahisi hatari imepanda na anaona moyo wa Bilbo. Toleo la zamani nalo halikutupwa: Tolkien aliligeuza kuwa uongo ambao Bilbo aliwaambia wenzake. Ujanja wa namna hiyo unanifurahisha kila ninapoukumbuka.

Mwaka 1960 alijaribu tena, safari hii akitaka kukiandika The Hobbit chote upya ili lugha yake na ramani yake zilingane na kitabu kikubwa. Aliandika sura za mwanzo, zikamfikia rafiki wa kuzisoma, na jibu lililorudi likawa kwamba ni nzuri sana lakini si The Hobbit. Akaacha.

Stephen King hakuacha. The Gunslinger, cha kwanza katika mfululizo wa The Dark Tower, alikianza mwaka 1970 akiwa na miaka 22. Kikatoka vipande vipande gazetini kati ya 1978 na 1981, kisha kama kitabu mwaka 1982. Kwa miaka mingi King mwenyewe alikuwa akiwaambia watu lile jibu letu la mwanzo wa sura hii: vumilieni, hadithi inapata sauti yake katika kitabu cha pili. Mwaka 2003, alipokuwa anakamilisha mfululizo, alitoa toleo jipya lenye nyongeza ya kurasa zipatazo 35.

Baadhi ya marekebisho hayana mpinzani. Katika toleo la zamani Farson lilikuwa jina la mji. Katika vitabu vya baadaye likawa jina la mtu. Mji ukabatizwa Taunton, kazi ikaisha. Ugomvi uko kwenye kifo cha Allie, mhudumu wa baa katika mji wa Tull aliyekuwa mpenzi wa shujaa, Roland. Mji mzima unamgeukia Roland, mtu mmoja anamkamata Allie na kumfanya ngao, na Roland anafyatua. Katika toleo la 1982 mikono yake iliyofunzwa tangu utotoni inafyatua kabla moyo haujauliza. Katika toleo la 2003 Allie keshaambiwa siri ya wafu iliyomvuruga akili, na anamsihi Roland amuue.

Wapo wanaolipenda toleo jipya, maana linafungamana na vitabu vya mbele na Roland anavumilika zaidi. Mimi niko na wale wa toleo la zamani. Roland anayemuua mpenzi wake kwa mazoea ya mikono ni mtu wa kuogopwa, na mfululizo mzima baadaye unauliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kubadilika. Ukimlainisha kitabu cha kwanza, umemfupishia safari. Tolkien alipandisha hatari ya sura yake. King aliishusha ya kwake ili hesabu za vitabu saba zikae sawa. Dhamira za wote wawili zilifanana.

*Kwa ufupi:* rekebisho linalofanywa kwa faida ya vitabu vya mbele linafaa pale tu linapomfaa pia msomaji ambaye hatavifikia.

Je, niruke cha kwanza?

Hili ndilo pendekezo kali kuliko yote, na kuna mwandishi mmoja ambaye kwake linafaa. Discworld ya Terry Pratchett ina riwaya 41, na wapenzi wake wengi watakuzuia usianze na ya kwanza, The Colour of Magic ya mwaka 1983. Hiyo ni dhihaka juu ya fantasia za wenzake, na asiyezisoma hizo hacheki. Watakupa Mort au Guards! Guards!, zilizoandikwa Pratchett alipokwisha kuupata mkono wake. Inawezekana kwa sababu kila riwaya inajisimamia. Kwa Erikson, Jordan au King, kuruka cha kwanza ni kujitafutia kesi.

Ukiwa wewe ndiye mwandishi

Siku hizi waandishi wetu wengi wa hadithi za mfululizo hawasubiri mchapishaji. Wanatoa sehemu moja moja kwenye simu, na maoni yanaingia kabla ya sehemu inayofuata kuandikwa. Mapendekezo yanakuja kwa wingi: muue huyu, waoze wale, eleza lile jini lilitoka wapi. Ukiyafuata kwa kura, hadithi itakuwa ya umati na umati wenyewe utaikimbia. Ukiyapuuza yote, utapoteza mashahidi bora ulio nao.

Ninachopendekeza ni kuwapa watu watano au sita kurasa hamsini za mwanzo, watu wasiokuonea haya, na kuwauliza maswali machache tu:

1. Uliweka kitabu chini kwenye ukurasa gani, hata kama ulikirudia baadaye?
2. Ukifumba macho sasa hivi, unamwona nani?
3. Mtu huyo anataka nini, na nani anamzuia?
4. Ulikuwa unataka kujua nini ambacho hukuambiwa?

Usiwaulize wangefanya nini. Watakwambia tu, na usiwakatishe. Andika pembeni ukurasa waliokuwa wanauzungumzia, kwa maana ukurasa huo ndio habari yenyewe.

Jibu la swali la pili likiwa ni watu watano tofauti, majina yako ni mengi au kamera yako inarukaruka. Wakimtaja mtu mmoja lakini hawajui anataka nini, hujampa kitu cha kunyang'anywa. Swali la nne ndilo la kushangilia: kama wote wanataka kujua jambo lile lile, usikimbilie kulieleza, huenda ndio nyani wako wawili. Ila wakikutajia jambo ambalo wewe ulidhani umeshalisema, kama ule udugu wa Cersei na Jaime, rudi nyuma kabla ya ukurasa walioutaja na utafute sentensi iliyokosekana. Mara nyingi ni moja, na mara nyingi ilikuwemo kwenye rasimu ya kwanza, ukaifuta ukidhani kila mtu anajua.